Waliokula Kwanza

Haya nitakayosimulia yametokea katika nchi yetu, na kama huko kwenu kuna jambo linalofanana nayo, hilo mtajijua wenyewe. Nchi yetu haina jina kwa sasa. Lile la zamani lilifutwa, na jipya bado liko kwenye kamati, kwa hiyo tunasema Nchi tu, na barua zinafika. Kazi yangu ni kushika kipaza sauti kwenye shughuli za serikali. Sisemi kitu. Namsogezea anayesema, namwondolea anayetakiwa kunyamaza, na kwa kazi hiyo nimekaa karibu na vinywa vya wakubwa kuliko hata madaktari wao wa meno. Ninaipenda serikali yangu. Naomba hilo lieleweke kabla hatujaendelea.

Zamani Nchi ilikuwa na watu wa aina mbili, watu wa sebuleni na watu wa jikoni. Watu wa sebuleni walikaa, watu wa jikoni walisimama. Waliokaa walikuwa na kengele ndogo za shaba, na kengele ikilia, aliyesimama aliitika "Labeka, bwana," akaja mbio. Mambo yalikwenda hivyo vizazi na vizazi, mpaka asubuhi moja chai haikuletwa. Watu wa sebuleni walipiga kengele, wakangoja. Wakapiga tena. Walingoja mpaka jua likawa la utosi, maana hakuna miongoni mwao aliyejua njia ya kwenda jikoni, na walipojikongoja hatimaye kwenda kuuliza, walikuta Baraza la Mawaziri limekwisha kuapishwa kando ya jiko na Rais ni msaidizi wa mpishi. Hakuna damu iliyomwagika siku hiyo. Iliyomwagika baadaye ilikuwa ya kiutaratibu.

Mwanzoni, lazima niseme, serikali yetu ilisema kweli. Wazee wa jikoni walikuja redioni wakaeleza viboko, makombo, na kulala kwenye vumbi la makaa. Tulilia. Watu wa sebuleni, ambao sasa walikuwa wakiosha vyombo na kufagia barabara, waliambiwa wasikilize, na walisikiliza vichwa vikiwa vimeinama. Ilikuwa haki, na kama tungeishia hapo nisingekuwa na la kusimulia.

Tatizo lilianza na dhifa ya balozi. Balozi wa nchi jirani, mtu mnene mwenye adabu zake, alitaka kusema maneno mawili ya shukrani, akachukua kijiko akagonga bilauri. Baraza zima la Mawaziri likasimama wima na kuitika, "Labeka, bwana." Waziri wa Ulinzi alikwisha kufika kwenye kiti cha balozi, kitambaa begani. Rais mwenyewe ndiye aliyetangulia kusimama. Ukumbi ukawa kimya, na katika kimya hicho mzee mmoja wa sebuleni aliyekuwa akigawa mchuzi akacheka. Kicheko kidogo tu, cha puani. Kesho yake hakuonekana kazini, na baadaye tukaambiwa amepelekwa Mapumziko.

Mapumziko ni jengo la kijani nyuma ya bohari ya chumvi. Wahudumu wake huvaa mashati ya kijani na ni wapole sana. Hajatokea mtu aliyerudi kutoka huko akalalamika, jambo linaloonyesha ubora wa huduma.

*

Baada ya dhifa ile Rais alijifungia na washauri wake. Nilikuwepo, nimeshika kipaza sauti kilichozimwa.

"Anayekumbuka kwamba nilimvalisha viatu," Rais alisema, "hata nikimtia jela, atakaa jela akinikumbuka."

Ndipo ikaundwa Wizara ya Yaliyopita, na akakabidhiwa Mheshimiwa Pandu Makaa, ambaye utotoni alikuwa mchochea moto katika nyumba ya tajiri mmoja aliyeitwa Bwana Hatibu. Serikali nyingine zikitaka kuandika historia upya huchoma vitabu. Mheshimiwa Pandu hakuchoma hata karatasi.

"Uongo ni kazi ya wavivu," alituambia siku ya kwanza wizarani. "Sisi tutachukua mambo yaliyotokea kweli, tuyageuze tu yatazame upande wa pili."

Akaanza na desturi ya kuonja. Kwa wasioijua: watu wa sebuleni waliogopa sana sumu, kwa kuwa walijua walivyoishi na watu. Kwa hiyo katika kila nyumba kubwa alikuwepo mwonjaji. Chakula kilipoletwa, mwonjaji alimeza tonge moja mbele ya bwana, akaenda kusimama ukutani, na bwana akamtazama usoni. Kama baada ya muda bado amesimama, bwana alikula. Kama ameanguka, bwana aliagiza mayai.

Mheshimiwa Pandu alisimama uwanjani mbele ya umma, nami nikamsogezea kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, nauliza swali la mtoto mdogo. Katika nyumba zile, nani alikula kwanza?"

"Sisi," watu walijibu.

"Na nani alikula baadaye, kile kilichobaki?"

"Wao."

"Na anayekula kilichobaki, huyo ni bwana au ni mtumishi?"

Uwanja ukalipuka kwa vifijo. Yeye hakuachia hapo. Aliuliza nani alitangulia njiani na taa, na nani alifuata nyuma. Nani alishika funguo. Aliuliza mtu anayevalishwa, anayeoshwa miguu na kubebwa kwenye kiti, ni bwana huyo, au ni mgonjwa anayetunzwa kwa huruma na wenye nyumba? Na kengele je? Kengele huvishwa mbuzi, alisema, ili mwenye mbuzi asikie aliko. Kila alichosema kilikuwa kweli tupu. Hakuna aliyeweza kukipinga.

Basi watu wa sebuleni wakajulishwa kwamba tangu enzi za mababu wao ndio waliokuwa watumishi, na kwamba kuosha vyombo vyetu leo ni kuendelea na kazi yao ya asili. Walifunguliwa madarasa ya kukumbuka. Aliyekumbuka vizuri alipewa blanketi. Aliyekumbuka vibaya alipumzishwa. Wakaamriwa pia kumwamkia kila mtu wa jikoni kwa shikamoo, hata awe mtoto wa kunyonya, na Rais akajipa cheo kipya cha Mwonjaji Mkuu.

Mimi nilishangilia pamoja na wenzangu. Nyanya yangu alifua nguo za watu mpaka vidole vikapinda. Nani hapendi kuambiwa kwamba nyanya yake alikuwa bibi mkubwa? Ila kila nilipomkumbuka nilishindwa kujua sasa nivieleze vipi vile vidole.

*

Bi Mashavu binti Chubwa ni fundi cherehani. Baba yake alikuwa mwonjaji katika nyumba ile ile ya Bwana Hatibu, na adhuhuri moja alionja kuku wa nazi akaanguka kabla hajafuta mdomo. Alizikwa alasiri hiyo hiyo nyuma ya jiko, karibu na jaa la majivu. Kila Ijumaa Bi Mashavu huenda kulifagia kaburi lake, na kwa miaka mingi hakuna aliyemsumbua.

Kisha Wizara ikamgundua Mzee Chubwa na kumpenda. Ikaamua kumjengea sanamu uwanjani, mtu mwenye kitambi ameketi mezani, na chini yake maneno haya: Bwana Chubwa, aliyefariki kwa shibe. Kaburi la nyuma ya jiko likawa aibu, maana bwana hazikwi jaani. Ikatolewa amri kwamba mifupa itakayokutwa pale ihesabiwe kuwa ya mtumishi asiyejulikana, ifukuliwe na kutupwa kwenye shimo la jiji.

Bi Mashavu alikuja wizarani na kanga zake mbili, uzi bado umemning'inia kwenye mkono wa gauni. Mimi nilikuwa nakijaribu kipaza sauti kwa ajili ya kikao.

"Pandu," alisema, bila Mheshimiwa.

"Karibu, dada Mashavu. Kaa."

"Sikai. Ulikuwepo siku ile. Ulikuwa unachochea moto. Baba alipoanguka wewe ndiye uliyemfumba macho, ukaja kuniambia mwenyewe huku unalia."

Waziri akanitazama. Nikazima kipaza sauti.

"Nilikuwa mdogo, dada. Na moshi ulikuwa mwingi."

"Baba alikufa kwa nini?"

"Kwa shibe."

"Baba yangu hakushiba hata siku moja katika maisha yake."

Mheshimiwa Pandu alisimama akafunga dirisha. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole wake ndio unaonitia hofu mpaka leo. "Dada, hebu fikiri. Ukisema mwonjaji aliuawa kwa kuonja, unasema mwonjaji aliwekwa pale afe badala ya mtu mwingine. Sasa Mwonjaji Mkuu wa Nchi hii ni nani? Utakuwa umemwita nani kinga ya nani?"

"Sitaki sanamu. Sitaki kumwita mtu jina. Nataka kaburi liachwe lilipo, na paandikwe kwamba aliuawa na chakula cha bwana wake."

"Lete shahidi."

"Wewe."

"Sheria hainiruhusu," alisema, na ni kweli. Kwa sheria yetu, jambo la zamani linathibitishwa na mtu wa sebuleni peke yake. Mtu wa jikoni akisema aliwahi kuwa mtumishi anajitukana, na kujitukana ni kosa la jinai. "Bwana Hatibu bado yu hai, anaosha masufuria Ikulu. Mlete yeye uwanjani, Siku ya Kukumbuka, aseme anachokijua. Likithibitika, sitaligusa kaburi. Hilo nakuahidi." Akaniagiza niende na Bi Mashavu nikasikilize.

*

Tulimkuta Bwana Hatibu ua wa nyuma, amechuchumaa, anasugua sufuria kwa makumbi na majivu. Mzee yule kwa umri angeweza kuwa baba wa Bi Mashavu. Alipomwona aliinuka kwa taabu akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," Bi Mashavu alisema, na ilimtoka kwa shida.

Mzee akaanza kusoma somo lake kwa sauti ya darasani. "Bwana wangu alikula kwanza, mimi nikala kilichobaki, nami nashukuru kwa..."

"Bwana Hatibu, sikuja kukusikiliza masomo. Mimi ni Mashavu. Binti wa Chubwa."

Akaacha. Akanitazama mimi. Nikatazama mawinguni, maana hilo nalo ni sehemu ya ufundi wangu.

"Una macho yake," alisema.

"Siku ile ilikuwaje?"

"Alimeza tonge, nikaona uso wake umebadilika. Kidogo sana. Mtu mwingine asingeona, lakini mimi nilikuwa nimeutazama uso ule kila mlo, miaka yote. Sikuwa na hakika. Nikamwambia aonje tena."

"Ulijua."

"Nilitaka kuwa na hakika."

"Naye?"

"Aliniangalia. Halafu akaonja."

Bi Mashavu akakaa chini, pale pale kwenye majivu. Nilidhani atampiga na sufuria, na ningemwelewa. Alikaa kwa muda anakunja pindo la kanga na kulikunjua.

"Sikusamehei," alisema.

"Sijaomba, bibi."

"Lakini kayaseme hayo uwanjani. Yote, na hilo la kuonja tena."

"Watanipumzisha."

"Ndiyo, watakupumzisha."

Mzee alifuta mikono kwenye kaptura yake. "Madarasani wananiambia mimi sijawahi kumfanyia mtu jambo lolote. Kwamba nilikuwa mtu mdogo niliyetunzwa. Ni maneno matamu, bibi, usifikiri si matamu. Kuna wenzangu wanayapenda kuliko sisi tulivyoipenda sebule. Mimi yamenishinda." Akainama akaokota makumbi yake. "Nitasema."

Nilimsindikiza Bi Mashavu njiani, kisha nikaenda kumweleza Waziri kila kitu, kwa kuwa ndilo nililotumwa. Hakukasirika. Alifikiri, akauliza, "Mara mbili?" Nikasema ndiyo, mara mbili. "Aje tu," alisema.

*

Siku ya Kukumbuka uwanja ulijaa asubuhi na mapema. Sanamu ilikuwa imefunikwa shuka. Bwana Hatibu alipoitwa, nilimshikia kipaza sauti karibu kabisa na midomo, na nilingoja amri ya kukiondoa. Amri haikuja. Alisema yote. Alisema aliuona uso wa Chubwa, alisema alishuku, alisema alimwamuru aonje tena, na kwamba Chubwa alianguka na kufa kwa ajili yake. Mwishoni sauti ilimkatika akasema, "Nilimuua mtu." Wale wahudumu wa mashati ya kijani wakasogea hatua chache.

Mheshimiwa Pandu akapanda jukwaani. Machozi yalikuwa yakimtoka, nami niliyaona kwa karibu: yalikuwa machozi ya kweli.

"Mmesikia, ndugu zangu?" alisema. "Mara mbili. Bwana Chubwa alikula mara mbili kabla mtumishi wake hajagusa sahani. Na mtumishi huyu mwema alisimama pale anamsihi: ongeza, bwana, kula tena. Mtu akiongezwa na kuongezwa, atakufa kwa nini?"

"Kwa shibe," uwanja ukajibu.

"Na mtumishi mwaminifu bado anajilaumu kwa kumkirimu kupita kiasi. Mpeni blanketi."

Wakampa Bwana Hatibu blanketi, la kijivu, jipya. Alisimama nalo mikononi, kinywa kikifunguka na kufungika. Aliusema ukweli wote, na ukweli wote ukapokewa kwa vigelegele. Niliona aibu siku hiyo, na nasema wazi kwamba sikuwa nimezoea kuiona kazini.

Bi Mashavu alisimama katikati ya watu. "Baba yangu aliuawa," alisema. Hakuwa na kipaza sauti, kwa hiyo walisikia wa karibu tu, nao wakasogea mbali naye mpaka akabaki peke yake kwenye duara la nyasi.

Mheshimiwa Pandu akamwonyesha kwa mkono. "Yule pale ndiye binti wa Bwana Chubwa," alitangaza. "Mwonjaji Mkuu kwa ukarimu wake amempa urithi wa baba yake. Kwenye dhifa ya mchana huu ataketi kuume kwa Mtukufu, naye ndiye atakayekula kwanza." Umati ukapiga makofi kwa wivu. Hapa yafaa nieleze kwamba Mwonjaji Mkuu wetu, pamoja na cheo chake, hajaonja kitu kwa miaka. Mezani pake daima hukaribishwa mgeni wa kuheshimiwa, anayetangulia kula. Mgeni wa mwisho kupewa heshima hiyo alistaafu ghafla kabla ya matunda.

*

Dhifa ilitangazwa moja kwa moja redioni. Ukumbi wote ulisimama mpaka Bi Mashavu alipokaa. Sahani ya wali na kuku ikawekwa mbele yake, na Mwonjaji Mkuu, mtu mkubwa mtulivu mwenye sauti ya kubembeleza, akamsogezea bakuli la mchuzi kwa mkono wake mwenyewe. Nikaweka kipaza sauti katikati yao.

"Karibu, bibi. Kula kwanza, kama baba yako."

"Baba yangu alikuwa nani, Mtukufu?"

"Alikuwa bwana."

"Kwa nini?"

"Kwa kuwa alikula kwanza. Watoto wote wanajua."

"Na wewe, Mtukufu, ni nani?"

"Mimi ni Mwonjaji Mkuu."

"Mimi ni fundi cherehani," alisema Bi Mashavu. "Nikila kabla yako nitakuwa nimekutukana mbele ya Nchi nzima." Akaisukuma sahani taratibu mpaka ikagota mbele ya Mwonjaji Mkuu. "Onja wewe, bwana."

Mwonjaji Mkuu hakumtazama. Aliitazama sahani. Aligeuza kichwa kumtafuta mhudumu wa sebuleni, kisha akakumbuka, kama tulivyokumbuka wote, kwamba kwa historia yetu mtumishi hawezi kula kwanza. Kukataa nako hakukuwezekana, maana angelazimika kueleza anaogopa nini. Mvuke wa wali ulipungua, ukaisha. Mawaziri walitazama vidole vyao.

"Pandu," alisema hatimaye. "Wewe pia ni bwana. Njoo uonje."

Mheshimiwa Pandu alitoka kwenye kiti chake. Alitwaa tonge, wali ukamwagika kwenye kitambaa cha meza, ikabidi atwae tonge mara ya pili. Alifumba macho, midomo ikachezacheza, nami naijua dua nikiiona mdomoni mwa mtu. Kwa mazoea nilimsogezea kipaza sauti, na Nchi nzima ikamsikia anameza.

Hakuna aliyemwambia aende wapi. Alikwenda mwenyewe kusimama ukutani, mikono nyuma, nami nikamfuata na kipaza sauti changu, maana huwa namfuata. Watu wote ukumbini wakawa wanamtazama usoni.

Wahudumu wa mashati ya kijani wakaja nyuma ya kiti cha Bi Mashavu. Akainuka kabla hawajamgusa, akajifunga kanga vizuri, akatembea katikati yao. Alipofika usawa wa ukuta alisimama.

"Pandu," alisema. "Sasa unamkumbuka?"

Jasho lilikuwa likimtiririka Waziri mpaka kidevuni. Kipaza sauti kilikuwa bado mbele ya midomo yake, na hakuna aliyeniambia nikiondoe.

"Namkumbuka," alisema. "Alikuwa mwembamba. Aliambiwa aonje, akafa, nikamfumba macho."

Wakamtoa Bi Mashavu nje na mlango ukafungwa. Mwonjaji Mkuu hakugeuka kuutazama. Macho yake yalikuwa kwa Waziri wake, yanaukagua uso wake polepole, paji, macho, mdomo. Akaona bado amesimama. Akavuta sahani, akaanza kula.